Avoka wa Mfanyakazi Atoke Wapi?



Leo tunataka kusema habari ya mtu anayevaa kanzu nyeusi mbele ya juji. Sisi tunamwita avoka, ndugu zetu wa Tanzania wanamwita wakili. Watu wengi wa hapa kwetu wanamwogopa kama wanavyomwogopa polisi. Wanasema: avoka ni mdomo wa kukodi, mwenye makuta mengi ndiye anayesemewa vizuri. Hatusemi kwamba wanadanganya. Lakini tunaona hawajauliza swali la kwanza, nalo ni hili: huyu avoka ametoka wapi, na alisimama na nani kabla ya kusimama na sisi?

Swali hili lilituingia moyoni siku alipokuja kwetu baba mmoja wa mtaa huu. Jina lake hatutalitaja, wala jina la kampani. Alifanya kazi miaka mitatu kwenye mgodi mmoja upande wa Kolwezi. Hakuandikwa na wenye mgodi. Aliandikwa na kampani ndogo inayokodisha watu kwa kampani kubwa, na hiyo kampani ndogo haikumpa kontra. Kila asubuhi alikuwa mtu wa siku moja. Jioni kazi yake ilikwisha, asubuhi ikaanza upya, hivyo hivyo miaka mitatu. Halafu siku moja mlinzi wa mlango akamnyang'anya kipande chake, akamwambia kazi imekwisha, rudi kwenu. Mshahara wa miezi miwili ukabaki kulekule.

Akangoja. Shemeji yake alimwambia, usifanye fujo, watakuita tena. Akangoja miezi tisa. Mwisho akakopa pesa, akamtafuta avoka mjini, akampa malipo ya kwanza. Majuma matatu baadaye akamwona avoka yuleyule anashuka kwenye gari la wakubwa waliomfukuza, wanacheka pamoja. Basi akaja kwetu, akakaa kwenye benchi letu na mfuko wake wa plastiki mapajani, akauliza: wandugu, avoka wa kwangu mimi nitampata wapi?

Swali la baba huyu ni la zamani, karibu sawa na umri wa mji wenyewe. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kufanya kazi. Mwaka 1922 serkali ya Wabelgiji ilitoa dekreti ya kontra za kazi. Dekreti ile iliwatenga watu mafungu mawili, wenyeji upande mmoja, na mabwana waliojiita wastaarabu upande mwingine. Mwenyeji aliyevunja kontra yake hakudaiwa pesa tu, aliweza kutiwa gerezani. Fikirini jambo hilo, ninyi mnaosoma. Deni la kazi lilifanywa kosa la jinai, na mwenye kosa ni yule asiyejua kusoma karatasi aliyowekea dole gumba. Avoka walikuwako mjini, ng'ambo ya ule ukanda mtupu uliotenga Kamalondo na mji wa wazungu. Lakini boyi wa nyumbani, au mchimba shaba, angeingia kwa mlango gani?

Kisha ukaja mwaka 1941. Ilikuwa wakati wa vita, bei za vitu zimepanda, mishahara imelala. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière walikuwa na chama chao na walikuwa wamekwisha kudai. Weusi hawakuruhusiwa kuwa na chama. Mwezi wa Desemba nao wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, akafika na askari. Aliyesema kwa ajili ya wenzake alikuwa Léonard Mpoyi, mtu wa kalamu. Askari wakapiga risasi, na Mpoyi akawa mmoja wa waliokufa. Serkali ilihesabu makumi ya maiti, wazee wetu walihesabu zaidi, na hesabu hizo mbili hazikupatana hata leo.

Watu wanamkumbuka Mpoyi kama shujaa, na ni haki. Sisi tunataka kumtazama kwa upande mwingine. Mtu yule alifanya kazi gani siku ile? Alisimama mbele ya mwenye nguvu akataja madai ya watu wasioweza kuyataja wenyewe. Hiyo ni kazi ya avoka! Ila yeye hakuwa na kanzu, hakuwa na kitabu cha sheria cha kushika mkononi, hakuwa na juji wa kusikiliza pande zote mbili. Alikuwa na maneno yake tu, na mbele yake bunduki. Ndiyo maana tunakasirika mtu akituambia kwamba mambo ya sheria ni mambo ya wasomi, hayawahusu watu wa mtaani. Mahali pasipo na avoka wa mfanyakazi, hatukuona amani. Tuliona uwanja wa mpira.

Kulikuwa na avoka mmoja hapa mjini ambaye tunapaswa kumtaja, ingawa alikuwa Mbelgiji. Jina lake Antoine Rubbens. Mwaka 1945 kilitoka hapa Elisabethville kitabu cha makala, Dettes de guerre, yaani madeni ya vita, naye alikuwa mkono mkubwa wa kitabu hicho. Walioandika humo walisema kwamba watu wa Kongo wamebeba uzito wa vita ile, na sasa koloni lina deni kwao. Kumbukeni ni shaba ya hapa iliyokwenda vitani, na urani ya Shinkolobwe iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka uleule. Baadaye Rubbens alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Hatuoni haya kumsifu mtu aliyesema kweli mbele ya watu wake mwenyewe, maana kufanya hivyo kunachoma kuliko kusema kweli mbele ya adui. Lakini tuseme na upande wa pili. Kitabu kile kiliandikwa kwa Kifaransa, kikasomwa na wazungu. Mchimbaji wa Kipushi hakujua kwamba kuna mtu anayemwandikia. Mtetezi ambaye unayetetewa humjui, naye hakujui, ni mtetezi nusu.

Mwaka 1946 weusi waliruhusiwa kuwa na sendika, zenye kamba shingoni. Mwaka 1956 chuo kikuu kikafunguliwa hapa hapa Elisabethville. Na tarehe 30 Juni 1960 ilipofika, wenyeji wa Kongo nzima waliokuwa na digrii ya chuo kikuu hawakuzidi thelathini, na katika hao hakuwamo avoka hata mmoja. Nchi kubwa kama hii, yenye kampani zenye avoka Bruxelles, na upande wetu kiti kitupu.

Wenzetu wa Kenya walimpata wa kwao mapema kidogo. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, alirudi kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Serkali ikataka kumwajiri kwa mshahara pungufu ya ule wa mzungu mwenye kazi ileile. Akakataa, akafungua ofisi yake, akatetea watu wa Mau Mau waliokuwa wanangoja kitanzi. Tunamtaja kwa sababu ya ule mshahara. Mtu aliyepimwa kwa kipimo cha chini, akajua uchungu wake, halazimiki kufundishwa na mtu mwingine maana ya dhuluma ya kazi. Kile ndicho tunachokiita kutoka mahali.

Lakini kuzaliwa kambini peke yake hakutoshi, na weupe wa ngozi peke yake haumfanyi mtu kuwa adui. Tazameni Afrika Kusini. Huko wachimba dhahabu walikuwa wakivuta vumbi la mawe miaka na miaka, mapafu yanakauka, wanarudishwa vijijini kufa. Mmoja wao aliitwa Thembekile Mankayi. Alifanya kazi chini ya ardhi tangu 1979 hadi 1995. Kwa mapafu yake alilipwa randi 16,320, na sheria ikasema basi, asidai tena. Avoka wake, Richard Spoor, mzungu, alikuwa amekwisha kutetea watu wa asbesto kabla ya hapo, akapata malipo yao mwaka 2003. Kwa hiyo habari ya vumbi alikuwa anaijua. Akapeleka kesi ya Mankayi ngazi baada ya ngazi, akashindwa chini, akapanda juu. Mwezi wa Machi 2011 mahakama kubwa ya katiba ikaamua kwamba mchimbaji ana haki ya kuidai kampani yake. Mankayi mwenyewe alikuwa amekufa siku chache kabla. Mlango alioufungua waliupita wengine. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ya kampani sita za dhahabu, fungu la randi bilioni tano kwa wagonjwa wa mapafu na wajane wao.

Hesabuni miaka hapo. Hiyo si kazi ya avoka anayechukua malipo ya kwanza, halafu simu yake haishikwi tena. Ni kazi ya mtu aliyeamua kwamba maisha yake ya sheria yatapita upande huu, sio ule. Kwa Kolwezi wako watu wa namna hiyo, wanasheria wa CAJJ, kituo cha kusaidia watu katika mambo ya sheria. Mwaka 2021 walitoa pamoja na wenzao wa Uingereza, RAID, habari ndefu juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa migodi ile waliingia kwa mlango wa kampani ndogo za kukodisha watu, kama yule baba wa mfuko wa plastiki. Hawakuandika hayo kwa kukaa ofisini. Walikaa na wafanyakazi, wakawauliza.

Sasa tuje kwenye kidonda chetu wenyewe, kile cha 2003. Wasomaji wengi mnakijua, maana kiko ndani ya nyumba zenu. Gécamines, mtoto wa Union Minière, ilikuwa imetoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya themanini. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, fedha zikaliwa, mashine zikafa, na mwaka 2003 shaba yake haikufika hata tani 20,000. Wafanyakazi walikuwa wamedai mishahara ya miezi mingi, wengine miezi 36. Ndipo ikaja operesheni iliyoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Watu zaidi ya 10,000 waliondoka, wazee wa kazi, kila mmoja na fungu lililokatwa kwa kipimo kimoja kilichopangwa na wakubwa.

Kwa hiari! Mtu ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni, ambaye amekula mara moja kwa siku miaka mitatu, unamwekea mezani dola na kalamu. Atasoma nini? Alisaini. Baadaye wengi wakasema hesabu ile haikufuata sheria ya kazi, wakaunda umoja wao, na mwaka 2009 malalamiko ya watu wa Gécamines yalifika hadi Washington, kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Sisi hatuwalaumu wazee wale. Tunasema tu hivi: kampani ilikuwa na watu wake wa sheria kabla karatasi haijaandikwa, Benki ilikuwa na watu wake wa sheria kabla pesa haijatoka, na mfanyakazi akamtafuta wake baada ya wino kukauka. Hapo hata avoka mwema anafika kama mtu anayeleta dawa kwenye matanga.

Tutasema basi ni avoka gani tunayemtaka, kwa yule baba na kwa kila mtu.

Tunataka avoka anayejua sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002, na mageuzi yake ya 2016, kama fundi anavyojua nyundo yake. Maana sheria ile si mbaya, ndugu zetu, ubaya ni kwamba imelala kabatini. Yule baba aliambiwa yeye ni mtu wa siku moja. Sheria inasema mtu wa siku kwa siku akitimiza siku 22 za kazi katika miezi miwili, akiandikwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Miaka mitatu! Aliambiwa hana karatasi kwa hiyo hana haki. Sheria inamruhusu kuonyesha kontra yake kwa ushahidi wowote, hata kama haikuandikwa. Alifukuzwa mlangoni kwa neno la mlinzi. Sheria inakataza kumfukuza mtu wa kontra isiyo na mwisho bila sababu ya kweli, na inampa siku za kutangulia, zile zinazoitwa preavi, siku 14 za kazi pamoja na 7 kwa kila mwaka aliomaliza. Kwa yeye ni 35. Na kama tribinali ikiona alifukuzwa bure, na asiporudishwa kazini, fidia inaweza kufika hata mshahara wa miezi 36. Avoka ambaye hakumwambia hata moja ya haya siku ya kwanza, alimwambia nini?

Tena anayejua njia. Huwezi kuruka moja kwa moja mpaka tribinali ya kazi. Kwanza unapita kwa inspekta wa kazi, ajaribu kuwapatanisha. Ikishindikana ndipo tribinali, ambako juji anakaa na wasaidizi wawili, mmoja wa upande wa waajiri, mmoja wa upande wa wafanyakazi. Na zaidi ya yote ajue saa ya sheria. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa. Madai mengine mengi ya kontra yanakufa baada ya miaka mitatu. Shemeji anayekuambia ungoje, hata kama anakupenda, anaisaidia kampani bila kujua.

Na upande wa mahali alipotoka, tuulize bila aibu, kama tunavyouliza habari za mtu anayekuja kuoa binti yetu. Alianza kazi yake kwa nani? Anakula kwa nani leo? Amewahi kuishtaki kampani kubwa, au barua zake zote zinaishia kwenye mapatano ya chakula cha jioni? Anasema nasi Kiswahili, au anajificha nyuma ya Kifaransa kikubwa ili tusijue amesaini nini kwa jina letu? Amefika kambini, ameona nyumba, ameshuka shimoni hata mara moja? Akikasirika kwa maswali haya, tumekwisha kupata jibu. Kijana aliyetoka nyumba ya kapita akasoma sheria, halafu akakaa na watu, huyo tumshike. Kijana aliyetoka nyumba ileile akatafuta kiyoyozi cha kampani, tumwache aende, ila tusimpe siri zetu.

Sasa tutaambiwa: mtu wa namna hiyo anakula nini? Swali zuri. Avoka naye ana watoto. Tukimtaka awe wetu na hatumlipi, tunamsukuma wenyewe kwenye lile gari la wakubwa. Hapa tunawalaumu wafanyakazi, na wasitununie. Tunajua kuchanga. Tuna likelemba za kununua vitenge, za matanga, za karo ya shule. Wapenzi wa mpira wa Kamalondo wanachanga kila juma. Lakini likelemba ya avoka tumeiona wapi? Watu hamsini wa zamu moja, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, wangeweza kuwa na avoka wao kabla ya taabu, wa kusoma karatasi kabla haijasainiwa. Sendika ndizo zingepaswa kuongoza jambo hili, na sheria inaziruhusu kumsindikiza mtu wao mpaka tribinalini. Tunazo delege nyingi zinazojua kusherehekea tarehe 1 Mei kwa pagne mpya. Tungependa kuziona pia kwenye benchi la inspekta siku ya kawaida, saa mbili asubuhi.

Tumrudie baba wetu. Tulimwambia afungue mfuko wake. Kulikuwamo picha ya kundi lao mbele ya lori, karatasi tatu za malipo, na daftari la shule la mtoto. Ndani ya daftari hilo mke wake alikuwa ameandika kila siku mumewe aliyokwenda kazini, tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuwaamini wale watu. Tulihesabu pamoja naye. Mwezi wa kwanza siku 25. Mwezi wa pili siku 24. Yeye alikuwa anaona haya kwa sababu daftari lina michoro ya mtoto pembeni. Tulimwambia asilifute hata mstari mmoja.

Kisha tukahesabu upande wa saa ya sheria. Kwa mshahara wa ule mwezi wa kwanza aliodhulumiwa, zilibaki siku kumi na tisa. Jumatatu asubuhi alikwenda kwa inspekta, daftari mkononi, na mke wake pamoja naye.